Utando wa Maziwa

Kila jioni, maziwa yakishachemka na kuanza kupoa, Todora alichukua kijiko cha mbao, akakwangua ule utando mnene uliotanda juu ya sufuria, akauweka juu ya kipande cha ugali wa moto na kumpa Piroska. Na kila jioni Piroska aliupokea kwa mikono miwili, akasema ahsante mama, akafumba macho, akameza kama mtu anayemeza dawa ya minyoo.

Todora hakuwa kipofu. Aliona kabisa kwamba mtoto hapendi. Lakini utando ule haukuwa wa Piroska. Ulikuwa wa Rafila, binti yake wa kumzaa, aliyekuwa chini huko bondeni nyumbani kwa mama yake Piroska, na ambaye tangu ana meno mawili alikuwa akigombania utando wa maziwa na paka.

Msimwone mwehu. Kule kwetu, Waromania walikaa juu milimani na Wahungari chini bondeni, na tangu enzi za mababu walikuwa na desturi ya kubadilishana watoto. Unanipa wako mwaka mmoja, nakupa wangu, kila mmoja anajifunza lugha ya wenzake, kisha anarudi kwao nayo mdomoni. Hapakuwa na malipo wala karatasi. Mababa wawili walishikana mikono, mtu wa tatu akaipiga ile mikono kwa kiganja kuitenganisha, na jambo likawa limefungwa. Sheria ilikuwa moja tu, nayo ilisemwa kwa sauti mbele ya mashahidi: utakachomtendea wangu ndicho atakachotendewa wako.

Watu wengi waliichukua sheria hiyo kama onyo. Todora, kwa jinsi miaka ilivyomwendea, aliigeuza ikawa njia. Alichokitia kwenye kinywa cha Piroska huku juu, aliamini, kinamfikia Rafila huko chini. Hakumwambia mtu, maana wangemcheka. Lakini mkono wake ulijua.

Mambo yalianza na mumewe, Iosif, fundi wa mapipa. Kila mwaka baada ya mavuno Iosif alipakia ndoo na mapipa yake kwenye gari la ng'ombe, akashuka kutoka kijiji chao cha Runcu mpaka kwa Wahungari wenye ngano. Biashara yenyewe ilikuwa rahisi: unajaza pipa ngano, ngano nachukua mimi, pipa linabaki kwako. Katika kijiji cha Szilvás alilala kwa Gáspár, mwenye shamba la plamu, mtu mpole anayeongea polepole, na mkewe Bori, asiyejua kuongea polepole hata akiwa kanisani. Iosif alikuwa na uchungu wake mmoja. Sokoni watu walimsengenya kwa Kihungari mbele ya uso wake, naye akabaki anatabasamu kama mbuzi. Hakutaka binti yake aje atabasamu hivyo. Gáspár naye wachumaji wake wa plamu walikuwa Waromania wa milimani, na alichoka kuwaelekeza kwa vidole.

Kwa hiyo masika ya mwaka wa 1916, wasichana wote wawili wakiwa na miaka kumi, familia zilikutana kwenye kinu cha maji kilichokuwa katikati ya njia. Mwenye kinu akaitenganisha mikono ya mababa, na unga ukaruka. Muda waliopatana ulikuwa mpaka plamu za mwaka unaofuata ziive.

Siku ile ile ya kwanza Piroska aliingia nyumbani kwa Todora, akaona vitunguu vimetundikwa ukutani, akachomoa kimoja, akakimenya na kukitafuna kibichi kama tofaa. Todora alibaki mdomo wazi. Rafila hakuweza kukaa chumba kimoja na kitunguu kibichi. Basi, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe: siku ya tatu Piroska alipewa jembe, na jioni akapewa utando wa maziwa.

Vita vilikuwepo tayari wakati ule, lakini vilikuwa vya watu wengine. Haukupita mwezi vikawa vyao. Iosif na Gáspár waliitwa pamoja, wakavishwa kofia ya aina moja na Kaisari mmoja, wakapelekwa kwenye mto mmoja huko Italia. Fundi mapipa Mromania na mkulima wa plamu Mhungari walilala kwenye handaki moja wakigawana chawa, huku mabwana wakubwa wakiandika magazetini kwamba watu wa aina hizi mbili hawawezi kuketi meza moja. Wote wawili walituma neno nyumbani, nalo lilikuwa lile lile: waacheni watoto walipo, mikono iliyofunga ndiyo ifungue. Todora hakubisha. Milimani njaa ilikuwa imeshaingia, na bondeni bado kulikuwa na ngano. Afadhali Rafila awe kwenye mkate.

Plamu za mwaka uliofuata ziliiva, zikaanguka, zikaoza.

Habari za kifo cha Iosif zilikuja wakati wa baridi, zimeletwa na karani wa kijiji aliyevua kofia mlangoni. Siku hiyo hiyo Piroska alikuwa ameisahau ndoo tupu ya maziwa karibu na jiko tangu asubuhi, ndoo ya mwisho aliyoitengeneza Iosif kabla ya kuondoka. Mbao zikakauka, pete zikalegea, na Todora alipoinyanyua ilimwagika mikononi mwake vipande vipande. Alimzaba Piroska kofi. Kisha akaketi sakafuni katikati ya zile mbao, na mtoto akaketi naye, shavu jekundu, akaanza kuzipanga moja moja kama alivyomwona Iosif akizipanga. Walilia pamoja mpaka moto ukazimika.

Tangu siku hiyo Todora hakuwa na raha. Kila akiukumbuka mlio wa lile kofi, aliusikia ukilia pia huko Szilvás, kwenye shavu jingine. Akazidisha utando. Ng'ombe akipunguza maziwa, yeye alijinyima, na Piroska akaendelea kufumba macho na kumeza.

Kulipokucha vita vimekwisha, haikuwa amani. Kaisari hakuwepo tena, na kila aliyekuwa na bunduki alikuwa na nchi yake. Kabla ya hapo ugonjwa wa mafua makali ulikuwa umefunga vijiji vyote, na Todora alikesha siku tisa akimpangusa Piroska jasho na kumwambia kwa hasira kwamba hana ruhusa ya kufa, kwani kuna mtu mwingine anamtegemea. Mtoto akapona. Jeshi la Waromania likaja likasimama juu ya vilima, jeshi la Wahungari likasimama bondeni, na mpaka ukapita hasa pale kwenye daraja la kinu. Runcu ikawa huku, Szilvás kule. Hakuna aliyevuka isipokuwa mzee mmoja muuza sindano, ambaye hata majeshi yote mawili yalikuwa yakimhitaji.

Ni huyo mzee aliyeleta ujumbe wa Bori, mwezi wa tatu, theluji ikianza kuyeyuka. Alisema Gáspár amerudi kutoka vitani, risasi zimeshatoboa paa lake mara mbili, na kwamba Jumamosi wanahama, wanakwenda kwa kaka yake Gáspár ng'ambo ya mto Tisza. Alhamisi mchana Bori atakuwa kinuni na Rafila. Todora asipofika, Bori hatamwacha mtoto kwa mtu asiyemjua. Ataondoka naye, na Mungu atajua la kufanya.

Todora alimuuliza mzee kama Rafila yu mzima. Mzee akasema ni mzima, mrefu, na anatukana kwa Kihungari kizuri sana.

Habari zikasambaa kijijini kabla mzee hajamaliza supu yake. Onu, kaka yake marehemu Iosif, alikuja na ushauri ambao hakuombwa. Alisema nyakati zimebadilika, Mhungari haaminiki, na kwamba Piroska afungiwe nyumbani mpaka Rafila aonekane kwa macho.

"Huyo ni dhamana yako," alisema. "Usiitoe dhamana mkononi."

"Dhamana huwekwa kabatini, shemeji," Todora akamjibu. "Huyu nimemwogesha."

Onu akaondoka akinung'unika. Lakini maneno mengine, aliyoyasema mlangoni, yalibaki ndani ya nyumba. Alisema mtoto aliyeondoka na miaka kumi akarudi na kumi na tatu ni mtoto wa yule aliyempa chakula. Todora alijua hilo ni kweli. Kama si kweli, mbona moyo wake ulikuwa unapasuka kwa ajili ya huyu aliyekuwa ameketi pembeni ya jiko, akijifanya anachambua maharagwe? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na Rafila hakulelewa na yeye. Kilichomwogofya si wanajeshi. Kilichomwogofya ni kwamba Alhamisi atampoteza mmoja kinuni, na kumpokea mwingine aliyekwisha kupotea.

Alifungua sanduku akatoa gauni la Kihungari ambalo Piroska alikuja nalo. Kila Krismasi alikuwa amelishonea kitambaa kipya kwenye pindo, ili siku ya kurudi ikifika limtoshe. Lilikuwa na vitambaa vitatu sasa, kila kimoja cha rangi yake. Piroska alilivaa.

Darajani walimkuta sajini wa kutoka mbali, kutoka upande ule wa Romania ambako hakuna milima. Alikuwa na amri kwamba mtu asivuke. Akauliza yuko wapi huyo Mhungari anayesemwa.

"Ni mimi, baba," alisema Piroska. "Usimkasirikie mama, safari ni yangu."

Alisema hayo kwa Kiromania cha Runcu, kile kinachoburuzwa kama gogo. Sajini alimtazama, akamtazama Todora, akasema Mhungari huyu anaongea kama bibi yake mzaa mama, tena vizuri zaidi, maana bibi hana meno. Todora akamweleza kwamba mmoja anatoka na mmoja anaingia.

"Kwa hiyo idadi inabaki ile ile?"

"Ile ile."

"Basi mimi nimeona idadi ile ile," alisema sajini, na akageuka kuangalia maji.

Bori alikuwa amesimama mlangoni pa kinu, amenenepa kidogo na kuzeeka sana. Kando yake alisimama msichana mrefu mwenye kitambaa kichwani, na Todora akamtazama usoni asimwone mtu anayemjua. Akainamisha macho kwa aibu. Hapo ndipo alipoliona gauni. Lilikuwa gauni lile jeupe la Kiromania alilomvika Rafila kwa mikono yake masika ile, na kwenye pindo palikuwa na vitambaa vitatu.

Hakuna aliyesogea. Kinu kiliendelea kusaga ndani. Todora aliona Bori anafungua mdomo, akamwahi, kwa sababu kama asingesema wakati huo asingesema tena.

"Dada Bori, kabla hujamchukua. Nilimpiga. Kofi moja, siku nilipoambiwa habari za Iosif. Siku nyingine zote sikumgusa."

Bori akauliza, "Moja tu?"

"Moja."

"Mimi wako nimempiga mara tatu," alisema Bori. "Ya nne alinikwepa, akapanda juu ya mplamu, akashinda huko mpaka jua linazama. Mkaidi kama punda, Mungu ambariki. Wa kwangu alikupa shida hivyo?"

Todora alikusudia kujibu, lakini kilichotoka ni kicheko, na nyuma ya kicheko machozi ya miaka mitatu. Mgeni hapigwi. Mgeni hupewa kiti kizuri na kuvumiliwa mpaka aende zake. Mtoto wake alikuwa amepigwa, amefokewa, amengojwa chini ya mti, na kwenye pindo lake ameongezewa vitambaa vitatu. Wanawake wale wawili walikumbatiana pale mlangoni wakaloweshana mabega.

Gáspár alishuka akikohoa kwenye gari la ng'ombe lililosimama kando ya kinu. Alivua kofia. Alisema kwa Kiromania chake kibovu kwamba Iosif alikuwa kando yake siku ile, na kwamba hakuteseka. Huenda ilikuwa kweli, huenda ilikuwa huruma. Todora aliipokea jinsi ilivyo. Kisha Gáspár akanyoosha mkono wake.

"Mkono huu niliupeana na yeye," alisema. "Sasa unaufungua wewe, shemeji."

Todora akaushika. Mwenye kinu akatoka, mweupe kwa unga kama zamani, akaitenganisha mikono yao kwa kiganja. Piroska alimbusu Todora mkono, kisha akasahau adabu, akamshika shingoni kwa nguvu hata kitambaa cha kichwa kikaanguka. Todora akamwambia asisahau kujifunika kifua anapolala.

Njia nzima ya kurudi Rafila alitembea hatua tatu nyuma ya mama yake. Alijibu alipoulizwa. Kiromania chake kilikuwa kizito, kila neno akilitafuta kama mtu atafutaye funguo gizani. Nyumbani aliangalia kuta na jiko, akasema nyumba imekuwa ndogo. Paka, ambaye ndiye aliyekuwa mshindani wake wa zamani, alimnusa na kuondoka.

Jioni Todora alichemsha maziwa. Miaka mitatu alikuwa ameusubiri utando huu mmoja. Akaukwangua wote, akautandaza juu ya ugali, akampa mwanawe na kusimama kumwangalia.

"Ahsante, mama," alisema Rafila. Akafumba macho, akameza.

Ilikuwa ile sura ya Piroska, haikupungua hata kidogo. Todora aligeukia jiko ili uso wake usionekane. Onu alikuwa amesema kweli, basi. Mtoto ni wa yule aliyempa chakula.

Nyuma yake Rafila alijikohoza. "Mama, samahani. Kitunguu kipo?"

"Cha kupikia nini?"

"Cha kula tu. Kibichi."

Todora alichomoa kimoja ukutani. Rafila alikimenya haraka haraka, akapaka mafuta kwenye ugali, akakitafuna kwa mlio mkubwa, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi mabega yake yakashuka.

"Wewe ulikuwa hutaki hata kukisikia," Todora akamwambia.

"Nilikuwa sitaki. Mama Bori alinipa kila jioni, na mkate na mafuta ya bata bukini. Mwanzoni nilikuwa nalia. Siku moja nikamwambia, sikipendi. Akasema, najua hukipendi, mwanangu. Hiki si chako, ni cha Piroska. Wewe nisaidie tu kukila." Rafila alitafuna tena. "Basi nikamsaidia. Baadaye nikakizoea."

Todora aliketi. Aliketi palepale kwenye kuni, kijiko mkononi, na Rafila akaacha kutafuna akamuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi. Alimvuta mtoto, mrefu vile na ananuka kitunguu, akampakata kama alivyompakata ana meno mawili, na Rafila, baada ya kukauka kidogo kama ubao, akalegea.

Plamu zilikuwa zimeiva barua ilipofika, imepita mikono mingi na mpaka mmoja mpya. Iliandikwa kwa Kihungari. Karani wa kijiji hakuweza kuisoma, Onu hakuweza kuisoma. Rafila aliisoma ameketi kizingitini, akiigeuza moja kwa moja kwa Kiromania bila kukwama hata mahali pamoja, na Todora akamfikiria Iosif, jinsi ambavyo angetembea kijiji kizima kifua mbele.

Bori aliandika kwamba wamefika salama, wanakaa chumba kimoja kwa shemeji yake, Gáspár amepata kibarua kwenye shamba la mtu, kifua bado kinamsumbua. Piroska ni mzima. Ila kulikuwa na jambo moja. Tangu wafike, mtoto huyu anazunguka sufuria za watu. Jikoni kwa mke wa shemeji yake, jikoni kwa majirani, popote maziwa yanapochemka, anakwangua utando wote na kula amesimama, na akikosa ananuna siku nzima. Zamani alikuwa akitapika akiuona. Vitunguu amewekewa rundo zima, havigusi. "Dada Todora," Rafila akasoma, "umemfanya nini mwanangu?"

Rafila akaikunja barua.

"Nimwandikie nini?" Rafila akauliza.

"Mwandikie kwamba sikumpa chochote kilichokuwa chake. Mwambie hivyo tu, ataelewa." Akanyanyuka kwenda jikoni, kwa sababu maziwa yalikuwa yameanza kupanda.

Kwa miezi yote hiyo utando ulikuwa ukienda kwa paka, maana Rafila alikuwa na vitunguu vyake. Jioni ile paka alikuja akakaa mahali pake akingoja. Todora alichukua kijiko cha mbao, akaukwangua wote, akauweka juu ya ugali wa moto. Yeye mwenyewe hakuupenda tangu utotoni. Ulikuwa unamnatia kwenye koo. Akauegemea mwimo wa mlango, akaangalia upande ambako barabara inashuka kwenda kinuni na Tisza iko mbali zaidi ya macho, akaula wote, polepole, bila kufumba macho.